Bwana Bega wa Chumba cha Mifupa

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio waliompa jina la Mama Mifupa, na jina likamganda kiasi kwamba hata mumewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo mezani mbele ya watoto. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha anatomia katika chuo cha udaktari: kupiga deki, kufuta meza za bati, kuangalia dawa isipungue kwenye matangi walimolala watu wa kufundishia, na kuwaazima wanafunzi masanduku ya mifupa wakasomee bwenini. Hakuwa mtu wa kuogopa ogopa. Mwanafunzi akizimia siku ya kwanza, na kila mwaka walizimia, tena mara nyingi ni yule aliyeingia kifua mbele, yeye alimburuta hadi dirishani, akamfungua kifungo cha shati na kumwambia, "Pole, baba. Huyo aliyelala hajakukasirikia." Kisha alirudi kwenye ndoo yake.

Pembeni mwa ubao, kwenye ndoano ya chuma iliyopita utosini, alining'inia Bwana Bega. Huyu alikuwa kiunzi cha mifupa ya mtu, kamili, kimefungwa kwa waya toka fuvu hadi vidole vya miguu, na rangi yake imekuwa ya chai ya maziwa kwa kushikwa na mikono ya vizazi. Aliitwa hivyo kwa sababu mtulinga wake wa kushoto, yaani ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, ulikuwa umevunjika zamani na kujiunga wenyewe vibaya. Ulikuwa na nundu katikati, na bega lote limeshuka. Mwalimu wa anatomia aliupenda mfupa ule kuliko vyote. "Hapa hakuna daktari aliyegusa," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Hii ni kazi ya mwili peke yake. Mwili ni fundi, lakini hana rula."

Chuo kilikuwa na mtindo wake. Siku ya kwanza ya mwaka, kabla ya kugusa kisu, wanafunzi walipanga foleni wakampa Bwana Bega mkono mmoja mmoja na kumwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Anayecheka hurudia. Msimamizi wa foleni alikuwa Mama Mifupa mwenyewe, na alisimamia kama mama mkwe kwenye harusi. Aliona ni adabu. Watoto wa watu wamekuja kujifunza juu ya maiti, basi waanze kwa salamu.

Bwana Bega alitoka wapi, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Ilijulikana tu kwamba alikuwa na umri wa chuo chenyewe. Na chuo kilikuwa cha kwanza nchini. Kabla yake, madaktari wote walikuja kutoka nje na kurudi kwao. Kwenye ukumbi wa kuingilia ilitundikwa picha ya darasa la kwanza, vijana waliovaa tai, wamejikaza kama walioambiwa wasipumue. Mkuu wa chuo hakuwahi kupita na mgeni pale bila kusimama na kueleza. Ilikuwa fahari ya kweli, mimi siwezi kuibeza. Wale vijana walikwenda kuzalisha wanawake na kufunga mifupa ya watu katika miji ambayo haikuwahi kumwona daktari.

Nyumbani, Mama Mifupa alikatazwa kuzungumzia kazi yake. Aliyekataza ni mama yake mzazi, bibi kizee fundi cherehani, aliyekaa nao na kushonea kwenye kibaraza cha nyuma. Mama huyu hakuchukia mifupa. Alichukia hospitali, na alikuwa na sababu. Alipokuwa binti mdogo, baba yake aliugua kifua akapelekwa hospitali kuu. Mkewe alikuwa amejifungua siku zile zile na hakuweza kutoka ndani. Alipopata nguvu, alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akamshika binti yake mkono, wakaenda kumtazama mgonjwa. Kitandani walimkuta mtu mwingine. Karani wa wodi aliwaambia, bila kuinua macho, kwamba mgonjwa wao alishapona na kutoka kwa miguu yake.

Mtu aliyetoka kwa miguu yake halafu asifike nyumbani, ameenda wapi? Mtaa mzima ulikuwa na jibu. Kaenda kwa mwanamke. Wapo walioapa kumwona kituo cha mabasi na mwanamke mnene aliyevaa viatu vyekundu. Yule mke aliyeachwa na watoto wawili aliyasadiki maneno hayo, akayameza, yakamkaa kama mwiba. Alilea watoto kwa sindano na uzi, na alipokuwa akikata roho alimwita binti yake akamwambia neno moja tu: "Akija, usimfungulie." Binti akalishika. Akakua, akaolewa, akazaa, akazeeka, na katika umri wake wote hakuwahi kutamka neno baba. Akilazimika kumtaja alisema "yule mwanamume", na midomo yake ilikunjamana kama aliyeonja shubiri.

Sasa tuje kwenye koti.

Jirani mmoja aliyeanguka na pikipiki alipona huku bega lake moja limelala. Alileta koti lake la kazini ili lirekebishwe, maana akilivaa lilionekana kama limetundikwa kwenye msumari mmoja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama Mifupa alikuwa amekaa na mama yake kibarazani, anachambua mboga. Bibi kizee alilifumua bega la koti, akakunja matambara, akayapachika ndani ya bitana tabaka juu ya tabaka, akapima kwa kiganja.

"Hivi ndivyo mama alivyokuwa akimshonea yule mwanamume," alisema, sindano mdomoni. "Makoti yote. Alianguka kwenye paa akijenga, kabla hata hajamwoa. Bega la kushoto likaota kijinundu hapa, likashuka. Alikuwa na aibu nalo. Mama akimjazia matambara, basi anatembea mtu kamili. Na shukrani yake tuliiona."

Mama Mifupa aliacha kuchambua. Mboga ilimdondoka miguuni na hakuiokota.

Unaweza kusema mabega yaliyovunjika duniani ni mengi, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo usiku kucha. Jumatatu aliingia kazini amepiga moyo konde. Alifungua madirisha, akachota maji, akaanza kudeki kutoka ukutani kama kawaida. Lakini mgongo wake ulikataa kugeukia ile pembe. Kila alipoinama alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake kwa staha, kama mgonjwa anayesubiri nesi amalize kuandika. Feni ilipozunguka, waya za Bwana Bega zililia, mlio mwembamba alioujua kwa miaka yote ya kazi yake pale. Siku ile ulikuwa kama koo linalosafishwa na mtu anayetaka kuanza kusema. Aliizima feni. Chumba kikawa kimya, na kimya kile kikawa kibaya zaidi.

Wiki hiyo hiyo waliingia wanafunzi wapya. Wakapanga foleni. "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mwalimu." Kijana mmoja mcheshi aliutikisa ule mkono kwa nguvu, vidole vikagongana, wenzake wakacheka. Mama Mifupa alimpiga kofi la mkononi kabla hajajua amefanya nini. "Mshike taratibu," alisema. "Hana bega."

Alikwenda kumtafuta Fundi Waya. Huyu ndiye aliyekuwa mtunza chumba kabla yake, na ndiye aliyemfunga Bwana Bega kwa mkono wake tangu chuo kikiwa kichanga. Alikuwa amekula chumvi nyingi na sasa alishinda kwenye kiti uani kwa mjukuu wake, blanketi magotini, akiota jua. Kichwa chake kilikuwa bado kizima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wale watoto bado wanazimia?"

"Wanazimia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama Mifupa alingoja amalize, kisha akamuuliza Bwana Bega alitoka wapi.

"Wodini, angetoka wapi? Chuo kilipofunguliwa hapakuwa na mwili hata mmoja. Wale walimu wa kigeni walileta vitabu, wakaleta visu, wakaleta na makoti meupe. Mtu wa kusomea wakamsahau. Ndipo wakubwa wakaamua: mgonjwa akifa wodini na asipatikane wa kumchukua, anapandishwa ngazi anakuja kwetu. Bwana Bega ni katika wale wa mwanzo kabisa. Alikuwa na kifua. Alikaa peke yake, hakuna anayekuja. Akafa, tukangoja kidogo, tukampandisha."

"Unamkumbuka kwa lipi? Walipita wengi."

"Kwa koti." Mzee aliinua mkono wake akajishika bega. "Alikuja na koti zuri sana. Bega hili la kushoto limejazwa matambara kwa ndani, limeshonwa kwa mkono, kazi safi ya mwanamke. Nililichukua mimi. Usinikodolee macho, mwanangu, mwenyewe hakuwa na baridi tena. Nikayatoa matambara, nikaoa nalo."

Mama Mifupa alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Alikuwa na mke," alisema. "Alikuja kumtafuta."

Fundi Waya aliangalia jua, akaangalia blanketi lake. "Alikuja mwanamke na mtoto mgongoni," alisema hatimaye. "Na binti mdogo amemshika nguo. Nilikuwepo, nimeshika ndoo. Karani akamwambia mumewe ametoka kwa miguu yake."

"Kwa nini?"

"Tuliagizwa. Watu walikuwa hawajaizoea hospitali. Wangesikia kwamba huko juu maiti zinapasuliwa, nani angemleta mgonjwa tena? Chuo kingekufa siku hiyo hiyo." Aliliweka sawa blanketi. "Na alikuwa ameshafika mezani, mwanangu. Wanafunzi walikuwa wameshaanza. Tungemrudishia nini yule mwanamke?"

"Yule binti ni mama yangu."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua hayakumtazama mgeni wake. "Basi nikwambie lote nilitue," alisema. "Si yeye mzima pale kwenye ndoano. Tulikuwa tunachemsha maiti kwenye mapipa ili nyama itoke, watu watatu, wanne kwa mpigo, mifupa inachanganyika. Mimi nilichagua iliyo mizima, ikaoana kwa urefu, nikaifunga. Ule mtulinga niliuweka kwa sababu mwalimu mkuu aliutaka wa kufundishia. Iliyobaki niliigawa kwenye masanduku." Kisha akauliza, karibu kwa kunong'ona, "Yu hai mama yako?"

"Yu hai."

"Usimwambie."

Mama Mifupa alirudi na maneno hayo na kwa siku kadhaa yalimla. Angemwambia nini mama yake? Kwamba baba hakumkimbia, hilo lilikuwa zawadi ambayo hakuna aliyewahi kumpa. Lakini zawadi hiyo ilikuja na ndoano yake utosini. Ilikuja na foleni za watoto wanaotikisa vidole. Ilikuja na mke aliyekata roho akimlaani mtu ambaye, wakati ule wote, alikuwa ghorofa ya juu ya jengo lile lile alilotoka akilia. Na masanduku. Nani aliyeyagawa masanduku miaka yote hii, akiwaambia wanafunzi, "Rudisheni kamili, msinipotezee hata kidole"? Walipoteza, bila shaka. Kila mwaka masanduku yalirudi na upungufu. Mifupa ilibaki chini ya vitanda vya bwenini, ikahama na wenye vitanda, ikaenda kukaa kwenye meza za madaktari katika miji asiyoijua. Yeye alipiga kelele kidogo, halafu akajazia sanduku moja kwa jingine. Alichanganya kama Fundi Waya alivyochanganya.

Bibi kizee ndiye aliyemkatia shauri. "Una nini wewe?" alimuuliza akiwa nyuma ya cherehani. "Unaniangalia kama mtu anayenipimia sanda. Kama kuna neno la daktari kuhusu mimi, liseme."

Akalisema. Si la daktari, lakini alilisema, lote isipokuwa habari ya mapipa na masanduku. Hiyo aliibana moyoni, akaona kwa mtu mmoja yaliyosemwa yanatosha. Cherehani ilikuwa imesimama. Bibi kizee alichomoa kitambaa, akakata uzi kwa meno, akakunja kitambaa mara mbili na kukiweka pajani.

"Kwa hiyo mama alikufa bure na hasira zake," alisema.

"Mama..."

"Nipeleke."

Mwalimu wa anatomia alikubali bila maneno mengi. Alikuwa mmoja wa wale waliozimia zamani na kuburutwa hadi dirishani, na hakuwahi kumnyima Mama Mifupa jambo. Aliwangoja mlangoni asubuhi, akafuta ratiba ya darasa, akamshika bibi kizee mkono kuvuka sakafu yenye maji. "Shikamoo, bibi," alisema. Bibi aliitikia huku macho yake yakitafuta. Aliona meza, akaona matangi yaliyofunikwa, akaona ubao. Kisha akamwona.

Hakulia. Alisogea mpaka kichwa chake kikafika kifuani pa Bwana Bega, akafumba macho, akainua mkono. Vidole vyake vya ushonaji vilipita juu ya mbavu polepole, vikapanda, vikakuta mtulinga, vikaenda nao mpaka kwenye nundu. Hapo vikatulia.

"Akinibeba mgongoni nilikuwa nashika hapa," alisema. "Kilikuwa kishikio changu. Mama akinigombeza, usishike hapo, baba yako anaumia. Yeye akisema mwache." Kiganja chake kikaifunika nundu yote. "Baba. Kumbe ulikuwa hapa."

Mama Mifupa aliuma mdomo wake mpaka akaonja damu. Mwalimu alivua miwani, akaanza kuifuta na pindo la koti. Alitaka kusema la kuliwaza, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alisema la historia. Alisema kwamba darasa la kwanza lote liliujua mwili wa binadamu kwa mzee huyu, na kwamba kupitia mikono yao watu wasiohesabika walipona. Alisema chuo kina deni kwake.

"Wangekuja kutuambia," bibi kizee alisema, bila ukali. "Wangekuja hata mmoja. Mama angempikia chai."

Mwalimu alisema atawapa mzee wao wakamzike, leo hii kama wanataka, na hakuna kibali atakachongoja. Bibi aliitikia kwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kushuka, toka begani kwenda kwenye kiwiko, toka kiwiko kwenda kifundoni, kama afanyavyo fundi anayepima mkono wa shati. Aliupima wa kushoto. Akahamia wa kulia, akaupima. Akarudi wa kushoto. Aliinama kwa shida, akapima paja moja, na la pili. Mama Mifupa alimsogelea, maana alijua mikono ile haijawahi kukosea nguo ya mtu.

"Huyu si mtu mmoja," alisema mama yake.

"Mama, njoo ukae."

"Mkono huu ni wa mtu mrefu. Huu ni wa baba, au si wa baba, sijui. Lakini huu ni wa mtu mrefu. Na miguu hii haikutembea pamoja." Alimgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Baba yangu mwingine yuko wapi?"

Mama Mifupa alimwambia. Alisema habari ya mapipa, akasema habari ya masanduku, akasema na ya mikono yake mwenyewe iliyoyagawa, kwa sauti ndogo, macho kwenye ndoo. Alipomaliza, mwalimu alikuwa amegeukia dirisha. Kwenye kabati la nyuma yake masanduku yalikuwa yamepangwa, na mapengo kati yao ni ya yale yaliyokuwa nje bwenini.

Bibi kizee alisimama akiwa ameushika ule mkono mrefu kwa kifundo, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara. Alipozungumza hakumwelekea binti yake wala mwalimu.

"Na huyu," aliuliza, "kwao wanasema alikimbia na nani?"

Mwalimu alileta kiti, akakiweka nyuma yake, lakini bibi kizee hakukaa, wala hakuuachia mkono wa yule mtu asiyemjua.